Fundo la Mkono wa Kushoto

Nyumbani, 6 Februari

Kitindamimba wangu,

Pokea salamu kwanza, maana nikianza maneno mengine huwa nazisahau hadi karatasi inaisha. Mimi niko, nyumba ipo, cherehani nayo ipo ila siku hizi inaguna kama mtu aliyeamshwa mapema. Mama Pacha wa mlango wa pili anakusalimu. Wanawe wameanza kukimbia, mmoja huku mwingine kule, na yeye amekonda kwa kuwafukuza. Bati la jikoni linavuja palepale ulipoliziba kabla hujaondoka. Mchomeleaji mzima, na bati la dada yako linavuja.

Sasa kuhusu mimi. Upasuaji ulikwenda salama, na najua dereva wenu Breki alikwisha kukufikishia habari. Natumaini hakuongeza chumvi. Walikata kipande cha utumbo mpana chenye uvimbe, wakaunganisha ncha mbili. Nilimwambia daktari nataka kuuona mshono wake, akacheka, akasema wa ndani hauonekani. Wa nje nimeuona. Si mbaya, lakini mimi ningeupiga kwa karibu zaidi.

Uvimbe wenyewe wameupima, ni saratani kweli. Chembe zake wamezikuta pia kwenye tezi mbili za jirani, basi, kwingine kote ni safi. Kwa hiyo wiki ijayo naanza dawa za kufagia kilichojificha. Ni dripu kila baada ya wiki tatu, na vidonge vya kumeza nyumbani katikati yake, kwa miezi sita. Usianze kukunja uso, nakuona kutoka huku.

Lililonifanya nikae niandike ni hili. Mkataba wako unaisha mwishoni mwa mwaka, na sitaki uteremke kwenye lori umevaa lile koti la kazini lililotobolewa na cheche. Nimepata sufu nyeusi, nyepesi, inaanguka vizuri. Nataka nikushonee. Nitumie kipimo, na usiniandikie namba. Namba na futi ni za wateja. Wewe nitumie uzi wenye mafundo, kama Mama alivyotupima.

Dada yako,
Fundi


Kambini, 27 Februari

Shikamoo Dada,

Barua yako ilifika jana ikiwa imekunjwa ndani ya kofia ya Breki, ina jasho lake, lakini imesomeka. Mimi ni mzima. Chumba chetu bado ni lile kontena, vitanda sita, na jamaa wa kitanda cha juu yangu bado anakoroma. Milango ya bwawa tumefika nusu. Ukisimama chini yake ukatazama juu, shingo inauma. Kila nikimaliza mstari mmoja wa kuchomelea nautazama nikisema, Fundi angeupitisha huu au angenifumulisha?

Jumapili nilipanda mlima kutafuta mtandao. Nilipata "halo" yako moja, kisha upepo, kisha simu ikafa. Nilikaa pale juu hadi jua lilipokuwa kali. Halo moja, Dada. Nimekwenda nayo wiki nzima.

Uzi huu hapa, nimeufunga ndani ya karatasi usichanganyike. Mafundo yanaanzia kwenye ncha niliyoichoma moto: shingo, mabega, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, urefu, kifua. Ile mikono miwili mafundo yake yamekaribiana, upana wa vidole viwili tu, maana wa kulia haujawahi kurefuka sawa na mwenzake tangu nilipoanguka ukutani na mfupa ukaunga vibaya. Lakini haya nakuambia ya nini. Wewe ndiye uliyenibeba siku ile. Mashati yangu yote maishani yamekuwa na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine, na hakuna mtu aliyewahi kugundua isipokuwa aliyeyashona.

Neno moja tu kuhusu dawa. Unajua nitakalosema. Baba alimeza vidonge vya kifua kikuu mpaka kikohozi kilipokatika, akaviacha, na tulivikuta ndani ya foronya yake tulipokuwa tunakusanya matandiko baada ya kumzika. Wewe ndiye ulinishika bega ukasema hakuna mtu wa nyumba hii atakayeacha dozi njiani tena. Nilikuwa mdogo, lakini nilisikia. Miezi sita ni miezi sita. Imalize, nije nikukute.

Nimekumiss sana, sijui niliseme vipi lisikike kama lilivyo.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 2 Aprili

Kitindamimba wangu,

Salamu zako zimefika na uzi umefika. Umefunga mafundo madogo kama mbegu za ufuta, mkono wa mchomeleaji umejifunza adabu wapi? Nimeutundika kwenye msumari juu ya cherehani. Mama Pacha ameuliza ni dawa ya nini ile, nikamwambia ni mdogo wangu huyo, amening'inia.

Nimemaliza dripu ya tatu. Siku mbili tatu za mwanzo tumbo linakataa kila kitu, kisha linasamehe. Nywele bado zipo, dawa hii haizichukui sana. Kituko chake ni baridi. Nikishika kikombe cha maji ya mtungini, vidole vinapigwa kama nimeshika waya wa umeme. Nakunywa maji ya vuguvugu kama mtoto mchanga, na kufulia navaa glavu za sufu ndani ya zile za mpira. Vidole vinawashawasha kidogo halafu inapita. Siku hizi Mama Pacha ndiye ananitungia uzi kwenye sindano. Ni macho tu, umri huo.

Sasa daktari, huyu wa dawa, si yule wa kisu, ameniweka chini akanieleza jambo. Anasema kwa uvimbe wa aina yangu, usiokuwa umekwenda mbali, wameshafuatilia wagonjwa wengi kwa miaka, waliotumia dawa hizi miezi mitatu na waliotumia sita. Waliopona na kubaki wazima karibu wanalingana. Tofauti ipo, ila ni ndogo sana. Nilimuuliza, ndogo ni kusema hakuna? Akasema hapana, ndogo ni ndogo, siwezi kukudanganya. Lakini ganzi ya mikono na miguu ndiyo haikulingana hata kidogo. Wa miezi sita wengi walibaki nayo, wengine mpaka leo haijawatoka. Aliponiuliza nafanya kazi gani nikamwambia, aliitazama mikono yangu.

Kwa hiyo dripu ijayo inaweza kuwa ya mwisho, au tunaweza kuendelea hadi Agosti. Ameniachia niamue mwenyewe.

Wewe unasemaje? Nakuuliza tu. Wala si kwamba nimeelemea upande wowote.

Dada yako


Kambini, 24 Aprili

Dada,

Nisamehe sina salamu ndefu leo. Breki anaondoka mchana na nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyofaa.

Unaniuliza nasemaje. Nasema hapana. Dozi haikatwi nusu. Huyo daktari namheshimu, lakini hakuwepo siku ile tulipokung'uta foronya ya Baba, vidonge vikadondoka sakafuni kimoja kimoja. Baba naye alijisikia mzima. Baba naye aliambiwa anaendelea vizuri. Tofauti ndogo, anasema. Ndogo kwake, anao wagonjwa wengi. Mimi nina dada mmoja.

Sina mke, sina mtoto, mama hayupo. Nikimaliza kazi jioni nikanawa mikono, mtu ninayemfikiria ni wewe umekaa pale dirishani. Ukiondoka mimi nitarudi wapi? Nitateremka kwenye lori niende kwenye nyumba ya nani?

Umesema vidole vinawasha na inapita. Basi vumilia. Tumevumilia makubwa kuliko hayo. Vaa glavu, funga duka miezi hii mitatu, nitatuma cha kukutosha. Niahidi tu. Sijawahi kukuomba kitu kikubwa tangu nizaliwe, isipokuwa ile baiskeli.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 20 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Nyumba nzima hatujambo. Mmoja wa mapacha ameota jino jipya akalijaribu kwenye mguu wa meza yangu.

Barua yako ilinifikia siku nne kabla ya tarehe ya hospitali. Nilikwenda. Nilikaa kwenye kile kiti chao kirefu mara ya tano, muuguzi akanitafuta mshipa. Basi, umeridhika?

Koti limekwisha, Breki amelibeba. Nimelitia bitana ya kijivu, na mfuko wa ndani wa kuwekea barua. Mapindo nimeyaachia akiba ya kitambaa kama ninavyofanya siku zote. Matundu ya vifungo nimepiga kwa mashine mara hii, nina kazi nyingi. Livae. Nataka niambiwe limekukaa vipi mabegani.

Mvua huku haishi. Naandika kifupi, kalamu inaniteleza.

Dada yako


Kambini, 15 Juni

Shikamoo Dada,

Sijui barua hii itakufikia lini. Mto umekula barabara na lori limekwama ng'ambo. Nasikia Breki huko anatafuta ugomvi na kila mtu kwa kukosa pa kwenda. Lakini naandika, nisipoandika nitapasuka.

Koti lilifika kabla ya mafuriko. Nililivaa siku hiyohiyo, nimetoka kuoga, nywele hazijakauka. Mabega yamekaa kama nimezaliwa nalo. Jamaa wa kitanda cha juu alinizunguka akasema, bwana, wewe una mtu nyumbani. Nikafunga vifungo, nikanyoosha mikono mbele. Wa kulia umefika kwenye kifundo cha mkono, sawasawa. Wa kushoto umeishia juu yake, saa yangu yote iko nje.

Mikono yote miwili umeikata sawa.

Nitakuambia ukweli, nilinuna. Siku kadhaa nilinuna nikiwa peke yangu, nikachomelea kwa hasira mpaka msimamizi akaniuliza nimegombana na nani. Nilikuwa nawaza, kumbe amenisahau. Nimekaa mbali mpaka mwili wangu umemtoka dada yangu kichwani, ananikatia koti kama mteja aliyepita njia. Hata hasira ya dozi niliiona humo. Nilisema hili ni jibu la barua yangu.

Kisha usiku mmoja nikiwa kitandani nikaanza kuzipanga barua zako kichwani. Mama Pacha anakutungia sindano, ni macho. Macho gani, Dada? Mwaka jana ulisoma jina la duka kule mwisho wa mtaa huku mimi nimekodoa. Matundu ya vifungo kwa mashine, wewe, uliyemfukuza mteja kwa sababu alisema ya mashine yanatosha. Kalamu inateleza. Na uzi ule. Hujawahi kupima uzi kwa macho. Mama alikufundisha kuuvuta kati ya vidole huku unatazama kitambaa, na fundo likija unalijua.

Hukunisahau. Vidole havikukuambia.

Asubuhi nilikwenda kwa tabibu wa kambi. Nilimweleza yote, ya Baba, ya foronya, ya kiapo chetu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema nimechanganya vitu viwili. Vidonge vya kifua kikuu ukiviacha njiani, vijidudu vilivyobaki vinapata nguvu vinarudi na dawa haivishiki tena. Hiyo ni dozi ya kumalizwa, na Baba alikosea. Hii yako, uvimbe wenyewe ulishatolewa na kisu. Dawa ni ya ulinzi, na urefu wake ndio huo madaktari walikuwa wanautafuta miaka yote, upi unatosha na upi unaumiza bure. Daktari akisema inatosha, akasema, si kuacha dozi. Hiyo ndiyo dozi. Nikamuuliza, je, ikirudi? Akasema inaweza kurudi kwa aliyepata mitatu na kwa aliyepata sita, na hakuna atakayekuwekea sahihi. Nilichukia jibu hilo, ila nililiamini.

Dada, nilikukalisha kwenye kile kiti kwa kitu nisichokijua. Naomba usikae tena. Kama hujaenda, usiende. Kama umeenda, hiyo iwe ya mwisho. Naandika hivi nikijua lori liko ng'ambo ya mto, na tarehe zako za hospitali hazingoji mto upungue. Jana nilipanda mlimani mvua inanyesha, sikupata hata halo.

Hapa kuna jamaa anashona mahema. Ameutazama ule mkono akasema pindo lina kitambaa cha kutosha, anaweza kuuteremsha kabla chai haijapoa. Nimelikunja kwanza, nikalirudisha sandukuni.

Kitindamimba wako


Nyumbani, 21 Julai

Kitindamimba wangu,

Marahaba, na shikamoo yako imezeeka njiani mwezi mzima. Breki aligonga mlango jana, amekonda, amefuga ndevu, anasema amekula ndizi siku zote alizokwama na hataki kuziona tena. Nilimpa chai. Nilisubiri aondoke ndipo nikafungua barua, nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Tuanze na lile unaloliogopa. Sikukaa tena. Tarehe ya dripu ya sita ilipofika nilikwenda hospitali, muuguzi akanipa lile gauni lao, nikashindwa kufunga vishikizo. Vitatu tu, vya mbele, hata si vya kujificha, nikashindwa. Nimeshona vishikizo tangu sijavunja ungo. Nililivua, nikalikunja, nikaliweka juu ya kiti, nikaenda kumwambia daktari imetosha. Hakunibishia. Alisema tungeishia ya nne kama alivyonieleza mwanzo ingekuwa heri zaidi, lakini hata sasa si vibaya.

Ya tano nilikaa kwa ajili yako, sitakudanganya. Lakini kuinuka niliinuka mwenyewe, na barua yako ya ruhusa ilikuwa bado ng'ambo ya mto. Kwa hiyo usijibebeshe mzigo wote, na usijisifu kwamba ulinikomboa. Mimi ndiye niliyekuandikia kwamba inawasha na inapita. Ungejuaje? Nilikunyima ukweli, kisha nikakuomba shauri.

Sikukuambia kwa sababu nakujua. Ungeacha milango ya bwawa nusu ukaja kwa miguu. Na mimi nilitaka uje, hilo ndilo lilinitisha. Nilitaka mno. Kila lori likipiga honi mtaani nilikuwa nainua kichwa, na nikasema nikiandika neno moja tu kuhusu vidole atakuja, na atapoteza mkataba kwa sababu dada yake ameona upweke.

Kuhusu mkono wa kushoto. Nilijua yanatakiwa kuwa mafundo mawili. Mimi nisahau mkono wako? Niliupitisha uzi, likaja moja. Nikaupitisha tena, moja. Nikajisemea, amesahau kufunga jingine. Uzi ulikuwa hapo mbele yangu, dirisha wazi, jua limejaa chumbani, nami sikuinamisha macho kutazama, kwa maana ningetazama ningeyaona yote mawili. Nikakata. Mkasi ulipofika mwisho nililia, nikaendelea kushona. Mama Pacha alidhani ni dawa.

Daktari anasema ganzi yenyewe huzidi kidogo hata baada ya kuacha, kisha huanza kurudi nyuma, polepole, miezi, pengine mwaka, pengine isiondoke yote. Picha ya tumbo waliyopiga ni safi. Wataniita tena baada ya miezi kadhaa, na tena, na tena, na kila watakaponiita nitaogopa, nawe utaogopa. Hilo tulizoee tu. Kwa sasa nashona magauni mapana na mapazia, vitu ambavyo mashine inajipeleka yenyewe. Masuti nimeyaweka pembeni. Nayatamani kama ninavyokutamani wewe, usicheke.

Kila asubuhi nautoa uzi wako msumarini, nafumba macho, naupitisha. Mwanzo ilikuwa kama kuvuta maji. Jana nilipata fundo la shingo. Nilirudia mara kadhaa kuhakikisha sijidanganyi, na kila mara lilikuwepo. La kifua nalipata siku moja moja. Yale mawili ya mikono bado yananijia kama moja.

Huyo mshona mahema wako mwambie ahsante, na asiliguse koti langu. Sitaki mkono wa mtu mwingine humo. Njoo nalo hivyohivyo mwisho wa mwaka, saa yako nje, watu wakucheke kwenye lori zima. Mimi nitafumua, wewe utanitungia sindano, na nikishindwa kulipata lile fundo la mkono wa kushoto, utanishika kidole ukiweke juu yake.

Dada yako,
Fundi